Kesi ya Kijiti cha Mbao

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na wenyeji wake wanaomba ibaki hivyo hivyo, maana kila kitu kizuri ambacho wakubwa waliwahi kukiona huko kilichukuliwa. Ni nchi yenye amani. Askari wanaoilinda amani hiyo ni wengi kuliko walimu, na mtu akipotea nyumbani kwake hakuna anayepiga kelele. Jirani zake huendelea kula kwa utulivu. Mimi ni raia wake mwema, na haya ninayoyasema nayasema kwa mapenzi.

Kiongozi wetu tunamwita Mtukufu. Jina analo, lakini kulitaja bila vyeo ni kosa, na vyeo vyake vikisomwa vyote mkutano huisha kabla ya hotuba. Kwa kuwa alikuwa na mzigo mkubwa wa kazi, madaktari wake walimshauri acheze gofu. Uwanja ukatafutwa. Kando ya bwawa linalopeleka maji mjini palikuwa na mashamba ya mihogo, na wenye mashamba hayo walijitolea kuhama, wakajitolea upesi kiasi cha kusahau sufuria zao jikoni. Nyasi zikapandwa, zikamwagiwa maji, na baada ya muda tulikuwa na uwanja wa gofu ambao hata wageni waliusifu.

Kwa wasioujua mchezo huu, mpira mdogo mweupe huwekwa juu ya kijiti kilichochomekwa ardhini, kijiti chenye urefu wa kidole na kichwa kilichobonyea kidogo ili mpira usianguke. Mchezaji anaupiga mpira kwa fimbo, unakwenda mbali, watu wanapiga makofi. Kijiti kazi yake ni kuuinua mpira tu. Kikishauinua hakina kazi nyingine duniani. Naeleza hili mapema kwa sababu baadaye nchi nzima ililisahau.

Vijiti vya Mtukufu vilichongwa na Ferejani Makungu, seremala wa mtaa wa Kisimani, mtu mnene, mcheshi, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Kazi yake hasa ilikuwa miguu ya vitanda na miko ya ugali. Vijiti alivichonga kwa vipande vilivyobaki. Lakini tangu apewe kazi hiyo alianza kutembea katikati ya njia.

"Mnamwona Mtukufu kwenye televisheni?" aliwauliza wateja wake. "Kabla hajaupiga ule mpira, umekaa juu ya kazi yangu mimi."

Mkewe, Siwema, alikuwa akimkanya. "Baba Hidaya, punguza. Watu wana masikio." Hidaya ni binti yao, aliyeolewa mbali.

"Wayafungue," Ferejani alijibu. "Nasema sifa, sisemi matusi."

Hakujua kwamba huko kwetu sifa na matusi hutunzwa kabati moja.

*

Siku ya Uhuru mabalozi wote walialikwa uwanjani kumtazama Mtukufu akiupiga mpira kuvuka bwawa. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba mpira huo ungevuka. Watoto wa shule walipangwa kwenye jua tangu asubuhi wakiwa na bendera za karatasi, na aliyezimia alihesabiwa kuwa amezidiwa na furaha.

Mtukufu hainami mbele ya mtu wala mbele ya ardhi, kwa hiyo heshima ya kuchomeka kijiti alipewa Mheshimiwa Bwaga Mtengeti, Waziri wa Michezo na Fahari ya Taifa. Mheshimiwa Mtengeti alipiga magoti, akakichomeka, akauweka mpira juu, akarudi kinyumenyume akiwa bado amepiga magoti. Mtukufu akainua fimbo. Akapiga.

Kijiti kikakatika vipande viwili. Mpira uliruka kama chura mgonjwa, ukagusa nyasi mara moja, ukatumbukia bwawani.

Bendi ya polisi, kwa kutojua la kufanya, ilianza wimbo wa taifa, na sote tukasimama wima kwa heshima ya mpira uliokuwa unazama. Mheshimiwa Mtengeti aliutazama uso wa Mtukufu, kisha kwa haraka akaitazama ardhi. Pale akaviona vile vipande viwili. Aliviokota, akaviinua juu ili mabalozi wavione.

"Mbao!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyeokoka.

Jioni ileile gari jeupe lilisimama mbele ya karakana ya Ferejani. Vijana wawili nadhifu wakashuka.

"Wewe ndiye unayechonga vijiti vya Mtukufu?"

"Mwenyewe!" alisema Ferejani.

"Unahitajika."

Ferejani hakuwa na televisheni, na habari za bwawa zilikuwa bado hazijafika Kisimani. Alidhani anaitwa kupewa nishani. Akawaomba vijana wamsubiri, akaingia ndani, akavaa suti yake ya harusi iliyokuwa haifungi tena tumboni, akamwambia Siwema ambusu shavuni. Kisha akachota kiganja cha vijiti vyake vizuri kuliko vyote, akavitia mfukoni.

"Vya nini hivyo?" Siwema aliuliza.

"Zawadi. Mtu haendi mikono mitupu."

Vijiti hivyo ndivyo vilivyokuja kusomwa mahakamani kuwa silaha alizokamatwa nazo.

*

Shtaka liliitwa kuhujumu mpira wa dola. Wanasheria walikiri kwamba kosa hilo halikuwemo katika vitabu, lakini wakaeleza kuwa hilo linaonyesha tu jinsi fundi huyo alivyokuwa mjanja: alikwenda kufanya kosa ambalo hata sheria ilikuwa haijalifikiria. Bunge likaketi siku iliyofuata likalifikiria.

Kisha nchi ikaichukia mbao. Wauza mishikaki walikamatwa sokoni na nyama yao bado moto, kwa sababu ya vile vijiti. Vijiti vya meno viliondolewa hotelini, navyo vilionekana kuwa ni wadogo wa vijiti vya gofu. Mchungaji mmoja aliyekuwa na msalaba mkubwa wa mti aliitwa kuhojiwa, akarudi nao umepakwa rangi ya chuma. Redioni tulisikia hotuba ya Mheshimiwa Mtengeti.

"Ndugu wananchi," alisema, "mbao ilitoka wapi? Ilitoka porini. Na porini kuna nini? Kuna giza. Je, taifa letu linaweza kwenda mbele likiwa limesimama juu ya giza? Nasema hapana! Wakati umefika wa kijiti maalumu!"

Vijiti maalumu vilitoka ng'ambo. Vililetwa na shemeji yake Waziri, ambaye kwa bahati njema alikuwa ameviagiza kabla hata tatizo halijatokea. Vilikuwa vya plastiki ngumu, vyekundu, na badala ya kichwa vilikuwa na nywele kama za mswaki, mpira ukae juu yake bila kushikwa. Kwenye boksi iliandikwa kwamba havivunjiki na kwamba vinaongeza umbali. Kila shule ikapelekewa boksi, ingawa hakuna shule iliyokuwa na fimbo wala mpira, na nyingine hazikuwa na paa.

Lakini kesi ilihitaji sayansi. Mabalozi bado walikuwa wanatazama, na Mtukufu alitaka ionekane kwamba haki imetendeka kwa vipimo. Ndipo alipoitwa Mhandisi Sihaba Ndimbo wa Ofisi ya Vipimo.

Sihaba alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, aliyeishi peke yake na paka. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukagua mizani za sokoni, na wauza samaki walimwogopa kuliko polisi kwa sababu hakuwa na bei. Aliambiwa ajibu swali moja tu: je, vijiti maalumu vinafaa kuchaguliwa badala ya vya mbao?

Akalichukulia swali hilo kuwa ni swali.

Mafundi wake walimtengenezea mashine ya kupigia mpira, kwa springi za lori na mkono wa chuma, ili kila mpira upigwe kwa nguvu ileile. Waliifunga nyuma ya ofisi, kwenye kiwanja cha mbuzi. Walipiga kwa kijiti cha mbao, wakapiga kwa kijiti maalumu, wakarudia na kurudia mpaka mbuzi wakazoea. Mipira ilikwenda kuangukia sehemu moja, imerundikana kama kuku wanaotupiwa mtama. Upepo mdogo ulileta tofauti kubwa kuliko vijiti. Kijiti maalumu kweli hakikuvunjika. Cha mbao kilivunjika mara kwa mara, kikalala kwenye nyasi kusubiri kuoza. Lakini kilivunjika baada ya mpira kuondoka. Mpira haukujua.

Kitu kimoja tu kilibadilisha umbali: jinsi kijiti kilivyochomekwa. Kikididimizwa mno, mpira uliruka chini, kama chura.

*

Alipeleka majibu mwenyewe kwa Waziri. Ofisi ya Mheshimiwa Mtengeti ilikuwa na zulia jekundu na picha ya Mtukufu iliyofunika ukuta mzima, kiasi kwamba mlango wa choo ulikuwa umetobolewa kwenye goti lake.

"Hakuna tofauti, Mheshimiwa," alisema Sihaba.

Waziri alitabasamu kama mtu anayengoja sentensi iishe. "Hakuna tofauti ndogo, unataka kusema. Kuna tofauti kubwa."

"Hakuna kabisa. Mtu anayepoteza vijiti kila mara anaweza kununua vya mbao. Asiyependa kuokota vipande anunue vya plastiki. Lakini mpira unakwenda palepale. Kijiti hakipigi mpira."

"Kama kijiti hakipigi mpira," Waziri aliuliza taratibu, "siku ile uliangushwa na nani?"

Bila kukusudia, macho ya Sihaba yalipanda ukutani.

"Usitazame picha," alisema Waziri.

Akayashusha.

"Inawezekana pia," Sihaba alisema, "kijiti kilididimizwa mno."

"Kijiti nilikichomeka mimi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Waziri aliinuka, akaenda dirishani, akasimama akimpa mgongo. Ikawa wazi kwa wote wawili kwamba mpira ule ungeweza kuangushwa na watu watatu, na ni mmoja tu kati yao asiyekuwa na walinzi.

Aliporudi kukaa, sauti yake ilikuwa ya upole. "Mhandisi, mimi si mtu mbaya. Sikiliza. Ukisema vijiti havina tofauti, maana yake kile cha fundi kilikuwa kizuri. Kama kilikuwa kizuri na bado mpira ukazama, basi kulikuwa na kusudi. Mwenye kusudi tunamnyonga. Lakini ukisema vijiti maalumu ni bora, basi fundi alichonga kitu duni kwa ujinga wake. Mjinga hanyongwi. Mjinga anafungwa kidogo, anatoka, anarudi kwa mkewe."

"Nikisema uongo, atapona?"

"Ukisema kama mzalendo, atapona. Nakuahidi mbele yake." Akaionyesha picha.

Sihaba alirudi nyumbani kwa miguu. Mlangoni kwake alimkuta mwanamke asiyemfahamu amekaa kwenye ngazi, kapu mapajani.

"Shikamoo, dada," alisema yule mwanamke, ingawa walikuwa wa umri mmoja. "Mimi ni mke wa Ferejani. Naitwa Siwema. Nimeambiwa wewe ndiye unayepima."

Sihaba alimkaribisha ndani. Hakumficha kitu. Alimweleza habari za mashine, mbuzi, mipira iliyoangukia sehemu moja, na maneno ya Waziri. Siwema alisikiliza huku akimtazama paka.

"Kwa hiyo hana kosa," alisema.

"Hana."

"Na ukilisema hilo watamnyonga."

"Ndivyo alivyosema Waziri. Nikisema uongo watamfunga tu. Dada, sijawahi kusema uongo kuhusu kipimo. Sijui hata unasemwaje."

Siwema alimshika mkono. "Mimi sitaki mume mwenye haki. Nataka mume anayerudi nyumbani. Hata akirudi baada ya miaka, hata akirudi watu wakimwita mjinga. Atakasirika, namjua, anapenda kazi yake kuliko hata mimi. Mwache akasirike. Sema uongo, nakuomba."

*

Mahakama ilihamishiwa kwenye jumba la wachezaji pale uwanjani, ili haki itendeke karibu na mahali pa tukio na karibu na vinywaji. Vipande viwili vya kijiti viliwekwa ndani ya kasha la kioo, na askari mwenye bunduki alivilinda visitoroke. Jaji Nyange Kitwana alifungua kesi kwa kumshukuru Mtukufu kwa hali ya hewa. Wakili wa mshtakiwa alisimama akamshukuru mwendesha mashtaka, kisha akaketi. Huo ndio ulikuwa utetezi.

Ferejani aliletwa akiwa na suti yake ya harusi. Sasa ilikuwa inafunga tumboni, hata ilikuwa inapwaya. Alipomwona Siwema alijaribu kucheka, tukaona kwamba meno ya mbele hayapo.

Sihaba akaitwa.

"Mhandisi," aliuliza mwendesha mashtaka, "umepima kwa njia za kisasa?"

"Nimepima."

"Je, vijiti maalumu vinafaa kuchaguliwa badala ya vya mbao?"

Sihaba alimtazama Siwema, na Siwema akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Vinafaa," alisema Sihaba.

"Vinapeleka mpira mbali zaidi?"

"Ndiyo."

"Mbali kidogo, au mbali sana?"

Kuhusu hilo hakuwa amekubaliana na Waziri. Sihaba alidhani kadiri tofauti inavyokuwa kubwa, ndivyo ujinga wa fundi utakavyokuwa mkubwa, na kifungo kitakavyokuwa kidogo.

"Mbali sana," alisema.

Ferejani alikuwa amemkazia macho muda wote. Watu waliokaa karibu naye walisema alikuwa na uso wa mtu anayesikia habari za ugonjwa wake. Jaji alipomuuliza kama ana neno, alisimama akishika ukingo wa kizimba.

"Mimi sikujua," alisema. "Nilidhani ni vizuri. Nilivipiga msasa kimoja kimoja. Lakini mama huyu ni msomi, amepima, na ameapa. Kama amesema mbao zangu ndizo zilizouangusha mpira, basi ndizo. Naomba radhi kwa Mtukufu. Naomba radhi kwa nchi. Sikujua kama mikono yangu inafanya hivyo."

Sihaba alifungua mdomo. Mwendesha mashtaka alimshukuru, akamwonyesha kiti chake.

Jaji Nyange hakuchukua muda. "Mahakama imesikia," alisema, "kwamba tofauti kati ya vijiti hivi ni kubwa sana. Sasa, mtu aliyeishi maisha yake yote na mbao anawezaje kutoijua tofauti kubwa sana? Tofauti ndogo, tungesema alipitiwa. Tofauti kubwa haimpiti fundi. Alijua. Alijua, akachonga. Tena akakamatwa akiwa na vingine mfukoni." Akavua miwani. "Mahakama inamhukumu kunyongwa, na inamtakia kila la heri."

Siwema hakulia. Aligeuka tu kumtafuta Waziri, kama mtu aliyepewa chenji isiyo sawa. Mheshimiwa Mtengeti alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine.

Wiki hiyohiyo Sihaba aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Vipimo. Alipoonyeshwa ofisi mpya aliingia, akafunga mlango, akatapika ndani ya kikapu cha karatasi. Alikwenda kwa Waziri, hakupokelewa. Alikwenda kwa Jaji, akaambiwa amsifu kwa hukumu au aondoke. Wakati bado anatafuta mlango wa tatu, Ferejani alinyongwa asubuhi moja, kabla ya uji wa wafungwa. Siwema alifika gerezani na kapu la chakula kama kawaida yake. Askari wa mlangoni alilipokea, akaingia nalo ndani, akarudi nalo likiwa tupu.

"Usilete tena," alimwambia, akijifuta mdomo. "Hahitaji."

Kaburi hakuonyeshwa.

*

Taifa likaendelea mbele. Mtukufu alirudi uwanjani kuupiga mpira kwa kijiti maalumu. Mabalozi wakaalikwa tena, watoto wakapangwa tena. Mheshimiwa Mtengeti akapiga magoti, akakichomeka kile kijiti chekundu, akakididimiza kwa dole gumba kwa unyenyekevu mkubwa. Mtukufu akapiga.

Kijiti kilibaki kimesimama imara ardhini, hakikuvunjika, kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Mpira ulizama bwawani.

Safari hii bendi ilikaa kimya. Waziri aliyatazama maji, na maji yakaendelea kucheza na jua bila aibu yoyote.

"Bwawa hili," alisema, "lina tabia mbaya."

Malori yalianza siku iliyofuata. Yalimwaga udongo, matofali ya nyumba zilizovunjwa, na taka za mji, mpaka bwawa likajaa, nyasi zikapandwa juu. Samaki waligawiwa kwa wakubwa. Mabomba ya mjini yalikohoa siku chache, kisha yakanyamaza. Redio ilitueleza kwamba kiu ni hali ya mawazo.

Kisima cha mtaa wa Kisimani, ambacho watu walikuwa wamekiacha, kikafufuliwa, na foleni ya ndoo ikazunguka mtaa. Hapo ndipo Sihaba alipomkuta Siwema. Yeye kama Mkurugenzi Mkuu alikuwa akiletewa maji nyumbani kwa gari la serikali, lakini alikuja kwa miguu, akasimama kando ya foleni bila ndoo. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo," alisema Sihaba.

"Marahaba," Siwema alijibu.

"Waliniambia watamfunga tu."

"Najua. Hata mimi nilikuomba useme. Mimi na wewe tulidanganywa pamoja." Alisogeza ndoo yake kwa mguu, foleni ilikuwa imesonga. "Waliniruhusu kumwona mara moja, baada ya hukumu. Nikataka kumwambia ukweli, nikamwona askari kasimama kati yetu, nikaogopa. Unajua yeye aliniambia nini? Aliniambia nivichome vijiti vilivyobaki karakanani, visije vikamponza mtu mwingine."

"Ukavichoma?"

"Nilivipikia uji."

Sihaba alifunika uso kwa viganja.

"Usilie hapa," Siwema alisema. "Watakuuliza unalilia nini. Mimi kufa kwake nimekupokea; watu wanakufa. Ila alikufa anaichukia mikono yake. Wewe ulikuwa unajua, mimi nilikuwa najua, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui. Hilo ndilo halinipi usingizi."

"Nifanye nini?"

"Sijui, dada. Mimi nasubiri maji."

*

Uzinduzi wa nchi kavu mahali palipokuwa bwawa ulifanyika kwa fahari isiyosemeka. Redio ilirusha matangazo moja kwa moja. Kabla Mtukufu hajapiga, ratiba ilitaka Mkurugenzi Mkuu wa Vipimo athibitishe kwamba kila kitu kilichotumika, kuanzia kijiti hadi nchi kavu, ni cha kiwango cha juu. Sihaba alipewa kipaza sauti. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama karibu.

"Naitwa Sihaba Ndimbo," alisema. "Nilipima vijiti vya mbao na vijiti maalumu. Havina tofauti. Mahakamani nilisema uongo. Kijiti hakipigi mpira. Ferejani Makungu alichonga vizuri, na hakufanya kosa lolote. Mikono yake haikufanya kosa lolote."

Alilirudia jina la Ferejani mara ya pili, kwa sauti zaidi, lakini tayari waya ulikuwa umechomolewa. Mtukufu, aliyekuwa na fimbo begani, alimgeukia Waziri.

"Anasema nini yule?"

"Anakusifu, Mtukufu."

Mtukufu akaridhika, akapiga. Mpira uliruka chini, ukaanguka palepale unapoangukia siku zote, ukabiringika kidogo kwenye nyasi mpya, ukasimama. Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka, na maji ya kuzilainisha hayakuwepo. Sihaba alisindikizwa na vijana wawili nadhifu hadi kwenye gari jeupe. Aliingia bila kushikwa. Jina lake limebanduliwa kwenye mlango wa ofisi, na paka wake siku hizi analishwa na majirani, ambao wakiulizwa husema ni paka wa porini.

Mtaani Kisimani, Siwema alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, redio iko dirishani. Jirani aliyekuwa akipita uani kwake alimwona ameganda, jani mkononi. Redio ilikwaruza, ikanyamaza, kisha ikaanza kupiga muziki wa bendi ya polisi.

Siwema alinyanyuka, akaizima. Akageukia mlango wa karakana, uliokuwa umefungwa kwa kufuli.

"Umesikia, baba Hidaya?" aliuliza. "Umesikia lakini?"